Alama ya Bwana Daraja

Nianze kwa kusema kwamba nimegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote hapa Kanyenye, Tabora, asije mtu akadhani namsifu kwa sababu amezeeka. Nauza mbao tangu enzi zile nilipokuwa nanyanyua mwenyewe, na hakuna aliyewahi kunipandisha mori kama Bwana Daraja. Alikuwa anakuja asubuhi nimeshapanga mzigo wangu vizuri, anagonga mbao kwa kinyundo chake, anainusa kama mtu anayenunua samaki, kisha anasema neno moja: "Kuni." Basi. Mbao niliyomwapia mteja kwamba ni daraja la kwanza imekuwa ya kuchemshia maharage.

Hakuwa mtu wa serikali wala wa kampuni. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua magogo mpaka kikafungwa, akabaki na ujuzi wake na futi kamba. Sisi wauzaji tulikuwa tunagombana na wateja kila siku ya Mungu, huyu anasema mbao ni nzima, yule anasema imepinda, ndipo tukaamua kumweka yeye katikati. Muuzaji alimlipa nusu na mnunuzi nusu, ili asiwe wa mtu. Akaja na krayoni yake nyekundu. Mstari mmoja maana yake daraja la kwanza, inafaa kubeba paa. Miwili ni ya milango na makabati. Mitatu ni ya masanduku na ya kumwagia zege. Msalaba ni kuni. Baada ya muda mafundi wakaacha kuangalia mbao, wakawa wanaangalia krayoni. Ukiingia kwenye nyumba isiyo na dari hapa mjini, inua kichwa tu, utaiona mistari yake.

Kwa hiyo mwaka huu ulipoanza mnong'ono kwamba mzee haoni vizuri, sikucheka pamoja na wenzangu. Mbao yenye mstari mmoja haiendi kukaa sebuleni. Inakwenda kulala juu ya vichwa vya watu, na watu hao wanalala chini yake bila wasiwasi kwa sababu ya mstari ule.

Tatizo ni kwamba hata alipokuwa na macho ya kipanga hakuwahi kuyaamini. Nakumbuka zamani, mbele ya mninga uliokuwa unang'aa kama umepakwa mafuta, alifumba macho akapitisha dole gumba kutoka mwanzo wa mbao hadi mwisho. Nikamwambia, "Mzee, tazama rangi hiyo." Akaniambia, "Rangi haibebi bati." Kisha akagonga akategesha sikio. Alisema mbao nzima hujibu, mbovu hunung'unika, na mtu akishindwa kutofautisha majibu na manung'uniko aende akauze nyanya. Harufu ilimwonyesha palipoanza kuoza. Dole gumba lilimwonyesha fundo. Fundo hai, lile lililoshikamana na mti, aliliachia likiwa katikati ya mbao. Likiwa ukingoni alishusha daraja. Fundo mfu, lile jeusi linalocheza kama jino bovu, hakulivumilia popote.

Sasa mtu wa namna hiyo macho yakimwondoka, utajuaje? Alipoanza kuisogeza pua karibu zaidi, tukasema ni mambo yake. Alipoanza kunipita bila salamu mpaka nimwamkie, "Shikamoo mzee," naye ageuke, "Marahaba, kumbe upo," sikujua kama ni macho au ni dharau yake ya kawaida, maana dharau alikuwa nayo. Mwenye duka la mabati hapo mbele, Mhindi mmoja aliyezaliwa Tabora hii hii na anayeongea Kinyamwezi kuliko watoto wangu, ndiye peke yake aliyejaribu kumgusia habari hiyo.

"Mzee, iko daktari wa macho anakuja wiki ijayo. Twende pamoja, mimi pia nakwenda."

"Wewe mabati yako unayapima kwa nini?"

"Kwa macho, mzee."

"Ndiyo maana yanavuja."

Mtaa mzima ukacheka, na mwenye duka akacheka zaidi yetu. Mimi nilimwangalia mzee anavyoondoka. Alitembea katikati kabisa ya barabara, pale ambapo hakuna mtaro wa kutumbukia.

Jina lake la Bwana Daraja lilikuwa la mtaani. Na hapo nieleze kwamba jina hilo liliwahi kutupeleka Ziba. Watu wa kijiji kimoja huko walisikia Tabora kuna Bwana Daraja, hodari, hakosei. Wakampigia simu: "Mzee, tunaomba uje utuangalizie daraja letu." Yeye akaelewa wana mbao wanataka zipangwe daraja. Akaniambia, nikaona huenda kuna mzigo wa kununua, tukapanda basi wote wawili na kinyundo chake na futi kamba yake. Tulipofika, mwenyekiti akatupeleka mtoni, akanyoosha mkono juu ya magogo yaliyolazwa kuvuka korongo. "Daraja lenyewe ndilo hili."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Mzee hakucheka wala hakusema amekosea njia. Alivua viatu, akapiga magoti katika matope, akaanza kugonga gogo moja baada ya jingine. Alipofika katikati akategesha sikio. Akagonga tena. Akasema lile neno lake.

"Kuni? Kuni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Magogo haya mawili yamebunguliwa ndani. Asipite mtu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na wengine walikuwa wameanza kuswaga mifugo tangu siku hiyo. Mwenyekiti akasema magogo yale yamepitisha ng'ombe tangu kiangazi, na kwamba walimwita mtu wa kutengeneza si wa kufunga. Bwana Daraja akaenda akaketi katikati ya daraja, miguu ikining'inia. Ng'ombe wakafika. Wachungaji wakafika. Mmoja, kijana mwenye kifua, akamwambia mzee atoke au atatolewa, na fimbo yake ikapanda juu. Mimi nilikuwa kando nimeshikilia viatu vya mzee, nawaza nitakwenda kumwambia nini mke wake. Mzee alisema tu, "Leta mtaimbo." Wakauleta kwa hasira. Akausimamisha juu ya gogo, akaugandamiza kwa mikono miwili, ukazama kama kwenye kiazi kilichoiva. Akausukuma mpaka tukaona ncha yake inatokea chini, juu ya maji.

Yule kijana alishusha fimbo, akarudisha ng'ombe wake wapitie kwenye kivuko cha chini. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimpigia mzee goti akamshukuru. "Wabeja, baba." Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba wamemwita kwa kosa. Akasema, "Gogo lingekuwa zima kwa sababu wamekosea jina?" Akalala mpaka Tabora.

Alikuwa na misemo yake, na mingi ilikuwa ya kuudhi. Uliotuudhi zaidi ni huu: mbao hupimwa ilipo nyembamba, haipimwi iliponona. Maana yake, kama mbao yako ni inchi sita huku, sita huku, na tano na kitu katikati kwa sababu mpasuaji alipiga chafya, basi ni tano. Kitu ni cha msumeno. Urefu vivyo hivyo, aliupima ukingo mfupi. Dereva mmoja Mgogo, aliyekuwa anatuletea paina kutoka Mafinga, alipata tabu sana naye. Alishusha mzigo akisema ni mbili kwa nne. Mzee akaweka futi kamba.

"Mtani, hii ilikuwa mbili kwa nne ikiwa msituni. Njiani ilikosa chakula?"

"Imekauka, mzee! Mbao hukauka!"

"Hukauka, lakini haifungi Ramadhani. Andika ilivyo, Mgogo wewe. Babu yangu alipita kwenu na pembe za ndovu za watu begani, mlimtoza ushuru hata wa maji. Leo ni zamu yangu."

Wakacheka, wakashikana mikono, na mbao zikaandikwa zilivyo. Mimi niliyekuwa nazinunua nilifurahi siku hiyo. Wiki iliyofuata aliuweka msemo ule ule juu ya mbao zangu za mkora, sikufurahi.

Na kuna neno moja la kazi yetu lililowachanganya wageni. Alikuja mama mmoja anatafuta mbao za kitanda cha binti yake anayeolewa. Akamsikia mzee anasema, "Hii ina moyo," akadakia, "Hiyo hiyo, baba, nipe hiyo yenye moyo!" Ilibidi nimweleze kwamba moyo wa mti ni ule uzi laini wa katikati, na mbao iliyopasuliwa ikabaki nao ndani yake ikikauka hupasukia hapo hapo. Mama akamgeukia mzee: "Kwa hiyo nyie mnatafuta isiyo na moyo?" Mzee akajibu, "Moyo ndio unaopasuka kwanza." Sijui kama alikuwa anazungumzia mbao tu. Alikuwa hapendi kuulizwa mara mbili.

Kitu kilichonishangaza ni nyumba yake. Nilidhani mtu mwenye ukali ule anaishi chini ya mninga mtupu. Nilipokwenda kumjulia hali alipougua, nilikuta mlango wake ni wa mbao nilizokataliwa mimi, na msalaba wangu mwekundu bado upo. Kwenye mlango kulikuwa na tundu la fundo lililodondoka, na mke wake alichungulia hapo kujua nani anabisha. Kiti nilichokalia kilikuwa na mguu uliopinda. "Ona mume wangu," mke wake alisema, "mji mzima una milango mizuri." Nilimtania mzee kwamba kumbe kuni zetu anazitaka mwenyewe. Hakutabasamu. Alisema, "Mimi najua ugonjwa wake. Wewe ungemuuzia mtu asiyeujua." Nilichukia, maana alinisema ndani ya nyumba yake na mimi nimempelekea asali. Lakini kiti kile hakikuanguka.

Basi nimalizie kwa asubuhi moja ya hivi karibuni, mvua za kwanza zikiwa zinanukia.

Katekista wa Igalula alikuja na fuso kuchukua mbao za kenchi kwa ajili ya chumba cha pili cha chekechea yao. Chumba cha kwanza kilikuwa kimeshaezekwa mwaka huu huu na watoto wameshaingia. Mbao zake zilitoka kwangu, na mistari ilikuwa ya Bwana Daraja. Wingu lilikuwa limeshika upande wanaokwenda, dereva anapiga honi, katekista anatembea huku na huku. Mzee akaanza kazi. Jirani yangu ana mashine ya kukoboa mpunga, na siku hiyo ilikuwa inanguruma tangu kulipokucha. Nikamwona mzee analaza sikio juu ya mbao, sikio lenyewe, likagusa. Akagonga. Akangoja. Akagonga tena, akakunja uso, akainuka, akachora mstari mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili. Ufa ulikuwa pale pale usoni mwa mbao, umetoka kwenye fundo ukashuka mshazari mpaka ukingoni. Mtu mwenye macho angeuona akiwa barabarani. Krayoni yake ilipopita juu ya ufa iliruka kidogo, kama baiskeli inaporuka juu ya reli, lakini mkono wake haukusimama. Hapo nikajua kwamba haoni, na kwamba kwa kelele za mashine ile hasikii pia. Niliogopa. Sikumwogopa yeye, nimemzoea. Niliogopa nilichokuwa nataka kumfanyia mbele ya watu.

"Mzee."

"Nini?"

"Hii irudie."

"Tumeanza," alisema, na alikuwa ameshasogea kwenye mbao nyingine. "Kila siku wewe. Miaka yote unanibishia nipandishe. Sasa unataka ipande wapi? Ni ya kwanza."

"Sitaki ipande, mzee. Nataka ishuke."

Alisimama. Katekista akaangalia chini. Muuzaji hajawahi kuomba mbao yake mwenyewe ishushwe, tangu Tabora iwe Tabora, na mzee aliyajua hayo kuliko sisi wote. Hakuniuliza kwa nini. Alinyoosha mkono tu, nami nikalishika dole gumba lake nikaliweka juu ya ufa. Likakaa pale. Kisha likaufuata taratibu, mshazari, mpaka ukingoni.

"Zile za chumba cha kwanza," akasema, "zimeshapanda?"

"Zimeshapanda, mzee."

"Na chini yake kuna nini?"

Katekista ndiye aliyesema, "Watoto."

Alikwenda kwenye fuso akapapasa mlango akitafuta kishikio. Nilimfungulia, nikapanda naye, na katekista akabanana nasi. Mbao tuliziacha chini. Njia nzima nilikuwa natazama wingu, maana mvua ikianza kupiga mabati hatasikia chochote. Katekista, kwa wema wake, akajaribu. "Mungu ni mwema, mzee. Mpaka leo hakuna kilichotokea."

"Mungu hakuichora ile mistari," mzee alisema.

Tulipofika watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanaimba herufi. Mwalimu, binti mdogo tu, alituamkia, na mzee akaitikia haraka akamwambia awatoe watoto.

"Mvua inakuja, baba, wataloa."

"Waloe."

Katekista akawakimbiza kanisani, na mwalimu akaenda nao kuwanyamazisha. Tukaburuta meza. Mzee akapanda, mimi nimemshika miguu, kichwa chake kikafika kwenye kenchi. Upepo ulikuwa unatikisa kingo za mabati. Tukaanza. Mimi natazama, yeye anagonga.

"Unaonaje?"

"Naona nzima."

Anagonga, anasikiliza. "Nzima." Tunasogeza meza. Hatukuwahi kufanya kazi namna ile, mimi na yeye, bila kubishana. Tone la kwanza likaanguka juu ya bati, tuh, na sote tukalisikia. "Haraka," akasema.

Ilikuwa kenchi ya katikati, ile iliyobeba kuliko zote. Niliona ufa mwembamba umeanzia kwenye msumari unatambaa. Sikusema. Nilitaka agonge kwanza, na sijui kwa nini, labda nilitaka awe yeye. Akagonga. Hata mimi nilisikia jinsi mbao ilivyonung'unika.

"Ina ufa," akasema.

"Ina ufa, mzee."

"Iwekwe nguzo leo. Kesho fundi aitoe. Watoto wasirudi humu."

Katekista alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, mabega yamelowa. Akatazama juu akasema kwa sauti ndogo, si kwa kushtaki, bali kama mtu aliyechanganyikiwa, "Lakini hiyo ina mstari mmoja, mzee. Alama ni yako."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Mvua ikashuka juu ya mabati kwa pamoja. Bwana Daraja alipapasa mbao, akatafuta mahali alipozoea kuiweka alama yake, akatia mate kwenye dole gumba, akaanza kusugua. Alisugua kwa dole, kisha kwa mkono wa shati. Akainama kidogo kwangu ili nimsikie.

"Mwanangu, imefutika?"

Niliitazama. Ilikuwa nyekundu vile vile.

"Bado, mzee."

Akaendelea kufuta.